Siku Tuliyokwenda Matrah Kununua Bafta

Shangazi alinipa kazi moja tu siku ile: miguu ya Bibi. Alinisimamisha mlangoni, keshavaa abaya ya kazini, funguo za gari mkononi, akanieleza polepole.

"Asikanyage chini pekupeku. Msikitini akivua viatu, abaki na soksi. Akichoka, akae. Na ukiona hata mchubuko wa ukucha, unanipigia simu papo hapo. Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sema basi, mwanangu. Kichwa mie sikisikii."

"Nimesikia, Shangazi."

Bibi, mama yake Shangazi na mama wa baba yangu, ana sukari. Mguu wake wa kushoto una vidole vinne. Cha tano kilikatwa Unguja kwa kidonda kilichoanzia kwenye kokoto moja iliyoingia ndani ya kiatu, na daktari alimwambia kwamba safari nyingine hatakata kidole, atakata mguu. Bibi alizoea kulisimulia jambo hilo huku akiiga sauti ya daktari. Wageni walicheka. Mimi na Shangazi hatukucheka.

Alikuwa amekuja Maskati kwa wiki tatu. Siku ile ilikuwa Jumapili, na Ijumaa ndiyo siku ya kurudi kwao. Shangazi hakupata likizo ofisini, akaona aibu mama yake aondoke bila kuona kitu zaidi ya kuta za nyumba yetu ya Ansab, basi akatulipia nafasi mbili katika matembezi ya nusu siku, yale wanayopelekwa wageni: Msikiti Mkuu, barabara ya pwani, kasri, kisha soko la Matrah. Mimi niliomba ruhusa kwenye duka la Hamriya ninakoshona kofia. Fundi wangu hakuniuliza kwa nini. Ananijua. Nikiulizwa mara mbili, ulimi unaganda.

Kiongozi wa matembezi alikuja saa mbili asubuhi na basi dogo jeupe. Alikuwa kijana wa Kiomani mwenye dishidasha iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na Kiswahili alikuwa nacho kwa mama yake, mzaliwa wa Unguja.

"Shikamoo Bibi! Yalla, karibu, mguu wa kulia kwanza, bismillahi."

"Marahaba, mwanangu. Wa kulia ndio wenye vidole vyote, basi uende wenyewe mbele."

Ndani walikuwa wamekaa wanawake wawili wa Mombasa, mtu na dadake, wafanyabiashara wa nguo waliokuja kununua abaya za kuuza. Walikuwa wanene wote wawili, wachangamfu, na kabla basi halijatoka mtaani kwetu walikuwa wameshamjua Bibi kama jirani yao wa siku nyingi.

"Na huyu kijana ni nani wako, Bibi?" akauliza mkubwa.

"Mume wangu."

"Ala! Mbona mume mwenyewe hasemi? Ni bubu ama?"

"Nimemchagua kwa hilo khasa. Yule wa mwanzo alinimaliza kwa maneno."

Walicheka mpaka kiongozi akageuka kutazama. Mimi niliangalia dirishani. Kwetu bibi na mjukuu wana utani huo, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiufurahia, lakini mbele za watu masikio yaliniwaka moto. Nje, upande wa milimani, mawingu yalikuwa yamejipanga nyuma ya vilele. Hayakuwa yakienda popote.

Simu ya kiongozi ililia, na yangu ikafuatia. Ulikuwa ujumbe wa tahadhari ya hali ya hewa, kwa Kiarabu. Yeye aliutazama mara moja akaufuta.

"Munkhafadhi, hali ya hewa mbaya," alisema. "Kila wiki wanatuletea munkhafadhi. Mawingu yanakuja, yanatusalimia, yanakwenda zake."

Mimi husoma taratibu, na Kiarabu taratibu zaidi. Nilikuwa bado nafuata mstari wa kwanza kwa kidole, penye mvua na radi, wakati basi lilipoingia kwenye maegesho ya msikiti. Nilipofika mstari wa mwisho, ulioonya watu wasikae kwenye mabonde na njia za maji, Bibi alikuwa ananyoosha mkono nimshushe.

Msikitini nilimvua viatu vyake laini vya dukani na kumnyoosha soksi. Alitembea juu ya zulia lile kubwa kana kwamba anakanyaga mkate. Kiongozi alieleza habari za taa, na mawe, na miaka ya ujenzi. Bibi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamuuliza:

"Na bafta, mwanangu, zinauzwa wapi huku?"

"Bafta ya mashuka, Bibi?"

"Bafta ya kuzikiwa."

Kiongozi alinitazama, nami nikatazama soksi.

"Nnataka kuondoka nayo," Bibi akaendelea, kama mtu anayezungumzia unga. "Bafta, na kafuri, na maji ya waridi, na ubani wa hapa hapa. Wenzangu wote wameshaweka vyao sandukuni. Mie tu ndo sina, na mwanangu anadhani akininyima pesa za sanda sitokufa."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikubali matembezi haya upesi vile. Shangazi alikuwa amekataa kabisa kumpeleka kununua vitu hivyo. Bibi alikuwa amengoja siku ambayo atatoka na mimi, kwa sababu alijua mimi sitasema hapana.

Kutoka msikitini tulikwenda moja kwa moja hadi pwani ya Matrah. Wale wa Mombasa walitaka kupigwa picha mbele ya kile chetezo cha ubani kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya kilima, kikubwa kama nyumba. Niliwapiga mimi. Katika picha zile, ambazo walinitumia baadaye, wao wanacheka, na nyuma ya chetezo mlima umeshika rangi ya masizi ya sufuria. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona tu kwamba uso wa simu umekuwa mweusi, nikaongeza mwanga.

Mvua ilitukuta mbele ya kasri. Matone makubwa, ya moto, yakipigana na vumbi. Tulikimbilia ndani ya basi, yaani wao walikimbia, mimi nilimtembeza Bibi huku nikikagua kila jiwe. Alipokaa, alitoa kiganja dirishani.

"Hii ndiyo mvua yenu wanayotumiwa watu barua?"

"Ndiyo hii, Bibi," alisema kiongozi.

"Kwetu hii twaita manyunyu. Hata nguo hatuanui."

"Mombasa pia," alidakia mdogo. "Hii ni jasho la mawingu, wallahi."

Kweli haikufika dakika kumi. Jua likatoka, lami ikafuka moshi, na wote wakaanza kuzungumza kwa furaha juu ya hewa iliyopoa. "Imekwisha," alisema Bibi. "Twende sokoni."

Mimi nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua. Mwaka uliopita, Hamriya, mvua ilipoanza nilisimama nikaacha sindano, na fundi wangu akanicheka. Alishona mvua yote. Mvua ilipokatika na jua likawaka, ndipo alipoinuka akatuambia tupandishe vyerehani juu ya meza. Nilidhani anatania. "Milima ya hapa ni mawe," aliniambia. "Haijui kunywa. Mvua ya hapa haiji na maji. Maji huja baadaye, peke yake." Baada ya saa moja maji yalipita mtaani kwetu yakifika magotini, chini ya jua kali, na mtu wa upande wa pili wa barabara alitupungia mkono kama aliye ng'ambo ya bahari.

Wenzangu katika basi walikuwa watu wa visiwani na wa pwani. Kwa mtu wa kwetu, mvua ikikatika, hatari imekatika. Hujikinga barazani, hungoja ipungue, ikipungua hutoka. Nilikuwa nao ndani ya basi lile na nilijua, na soko la Matrah liko bondeni, kwenye njia yenyewe ya wadi, mto mkavu unaotoka milimani kwenda baharini.

Tulishuka saa tano. Kiongozi aliweka basi nyuma ya soko, akatupitisha kwenye vichochoro vilivyoezekwa juu, vyenye taa za rangi. Duka la kwanza lilikuwa la manukato. Mwenye duka alimkumbatia kiongozi, akatuletea kahawa na halua, na wale wa Mombasa wakaanza kazi yao.

"Riali ngapi? Kumi na mbili? Baba, sisi si watalii, sisi ni Waislamu wenzako!"

"Kwa Waislamu ni kumi na moja."

"Na kwa wajane?"

"Nyie wajane?"

"Ukituuzia kumi na mbili waume zetu watakufa kwa mshituko."

Bibi alicheka mpaka akashika kifua. Nilimtafutia kigoda, nikamkalisha, nikasimama nyuma yake. Na hapo ndipo nilipoona rafu ya chini. Ilikuwa tupu. Chupa zote zilikuwa zimehamishiwa rafu ya pili na ya tatu, zimebanana. Nikatazama duka la pili: wanaume wawili walikuwa wanainua magunia ya ubani na kuyaweka juu ya kaunta. Duka la tatu walikuwa wanakunja mazulia. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyepaza sauti. Walikuwa wanazungumza habari za mpira, na mikono yao inafanya kazi kama ya watu wanaotandika kitanda.

Nilijua wanachokingoja.

Nilimsogelea kiongozi. Alikuwa anachekeshana na mwenye duka, nikangoja wamalize. Hawakumaliza, nikarudi kwa Bibi. Nikajipanga upya. Niliyatunga maneno kichwani, machache: kaka, naona wanapandisha vitu. Nikamwendea mara ya pili, nikasimama karibu kabisa. Aligeuka, akaniona nimekodoa macho.

"Choo?" aliniuliza kwa huruma.

Nikasema ndiyo.

Akanielekeza. Nilikwenda mpaka chooni, nikasimama ndani pasipo haja yoyote, nikarudi. Sasa nayakumbuka mambo mengi ya siku ile bila kuona haya, lakini hilo la choo bado.

Niliporudi walikuwa wameshaondoka dukani. Niliwakuta kwenye njia panda ya vichochoro. Wale wa Mombasa walikuwa wanakata kona kwenda kwa masonara. Kiongozi alikuwa na simu sikioni, uso wake umebadilika kidogo. Alinikabidhi mkono wa Bibi.

"Duka la bafta ni lile, linalotelemka. Kaeni hapo hapo na mzee mwenye duka, msitoke. Gari nimeliacha karibu na wadi, naenda kulisogeza juu. Robo saa, inshallah."

Akaenda kwa miguu ya haraka, dishidasha kaishika juu. Nilimtazama mpaka akapotea. Aliogopea gari. Sisi alituona tuko ndani, chini ya paa, na mvua imekwisha.

Duka lile lilikuwa la kizamani, sakafu yake iko chini ya kichochoro kwa vipandio viwili. Nilimshusha Bibi kama anayeshusha gudulia la maji. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa Tabora, na alipomsikia Bibi anasalimu alisimama wima.

"Karibu, mama. Karibu nyumbani."

"Nnataka bafta, baba. Sanda ya mwanamke, vipande vitano."

Mzee hakuuliza ya nani. Aliinamisha kichwa. Akamletea kiti, akavuta jora jeupe kutoka juu, juu kabisa. Rafu zake za chini nazo zilikuwa tupu. Nyuma ya mlango niliona mbao tatu zimeegemezwa ukutani, zile za kutia kwenye kizingiti kuzuia maji. Hakuwa amezitia.

"Apimwe nani?" aliuliza.

"Mwenyewe hapimwi akiwa hai," Bibi alijibu. "Mpime huyu. Tunalingana."

Basi nilisimama katikati ya duka, mikono mbavuni kama nilivyoambiwa, na mzee akaanza kunipima sanda ya bibi yangu kutoka utosini mpaka miguuni. Bafta ilikuwa baridi na ina harufu ya wanga. Alinifunika bega moja, akaunyoosha mkono wake, akahesabu chini kwa chini. Nilikuwa nimeelekea mlangoni. Ng'ambo ya kichochoro, mwenye duka la mapambo alikuwa anatia mbao zake, ya kwanza, ya pili, anazigonga kwa kisigino. Alipomaliza ya tatu aliinua macho, akamwona mzee, akaniona mimi na kitambaa kile cheupe. Alifungua mdomo. Kisha akaufumba, akageuka.

Baadaye mzee mwenyewe alinieleza. Mnunuzi wa sanda haharakishwi. Hapatanwi bei, hakatizwi maneno, wala haambiwi ondoka. Hata baba yake, aliyekuwa na duka hilo kabla yake, alikuwa akifunga mlango kwa heshima wakati wa kupima. Kwa hiyo yeye alijua, na jirani yake alijua, na mimi nilijua. Sote watatu tulinyamaza, na mtu pekee aliyekuwa hajui alikuwa Bibi, ambaye alikuwa anachagua kafuri.

"Sanda haikatwi kwa mkasi," Bibi alinifundisha kutoka kitini. "Huchanwa. Sikiliza."

Mzee alichana. Kile kitambaa kililia kirefu, na kabla hakijanyamaza nilisikia mlio mwingine chini yake, kama watu wanaomwaga kokoto mbali. Mzee alisimama, ncha za bafta mkononi. Kutoka juu ya kichochoro sauti ilikuwa inakuja, inapokezana duka kwa duka: "Wadi! Wadi!"

Maji ya kwanza yalikuwa membamba. Yalikuja yakisukuma mbele yake vichungi vya sigara na karatasi za halua, kama mtu kaangusha ndoo. Nilipumua. Nikasema moyoni, ndiyo haya tu. Kisha nyuma yake yakaja mengine, ya rangi ya chai ya maziwa, na yalipokuta mbao za jirani yakageuka yote upande wetu yakatelemka vipandio viwili kwa kishindo.

"Bibi, nyanyuka!"

Nilipiga kelele. Sijui sauti ile ilitoka wapi, wala haikuwa na faida tena. Alijaribu kunyanyuka, kiti kikaelea, akarudi chini akakaa ndani ya maji. Yalikuwa yameshafika magotini na yanaingia kwa nguvu. Mzee alikuwa amekamata mbao moja anajaribu kuitia kizingitini peke yake, maji yakamrudisha nayo. Nilimpa Bibi mgongo, nikavuta mikono yake shingoni mwangu, nikainuka. Hakuwa mzito. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Viatu vyangu," alisema sikioni mwangu.

"Viache!"

"Bafta."

Alikuwa ameishika. Yote, vipande na vilivyobaki kwenye jora, imemzunguka mkono na inatuburuza nyuma kama mkia.

Kupanda vipandio viwili vile kulikuwa kama kupanda maporomoko. Nilishika fremu ya mlango. Jirani wa mapambo alikuwa amesimama juu ya kaunta yake, akanirushia mkono, na mwenzake akaja kumsaidia. Wakati tunavuka kizingiti, ile mbao iliyomponyoka mzee ilipita kwa kasi kati ya mguu wa Bibi na ukuta. Sikuiona, niliisikia ikigonga. Bibi alivuta hewa kwa meno. Hakulia.

Walitupandisha ngazi ya ndani mpaka stoo ya juu, penye maboksi. Mzee naye walimvuta. Tulikaa hapo, tumelowa, tukisikiliza maji yakipita chini, na vitu vikigongana ndani yake. Kupitia mwanya wa paa jua lilikuwa linawaka. Wale wa Mombasa walikuwa ghorofani kwa sonara, salama, nilisikia wanaita jina la Mungu kutoka upande wa pili. Kiongozi alikuwa ameokoa gari na hakuweza kuturudia.

Soksi moja ya Bibi ilikuwa imekwenda. Nilichukua mguu wa kushoto mapajani, nikaupangusa kwa shati langu. Kando ya kidole cha pili palikuwa na mchubuko, si mrefu kuliko punje ya mchele. Damu kidogo. Maji yale yalikuwa na mavi ya mbuzi, na mafuta ya magari, na kila kitu cha mji.

"Si kitu," alisema Bibi.

Nikaendelea kuupangusa.

"Nilimwona yule wa mbele anatia mbao," akasema tena. "Nilidhani anafunga duka akale. Weye ulidhani nini?"

"Nilijua, Bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu duka la manukato."

Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa na Bibi namna ile, bila mzaha hata chembe.

"Na ulimi uliuweka wapi?"

Mzee wa bafta aliinua mkono, akasema kosa ni lake, na akaanza kueleza ile habari ya heshima ya sanda. Bibi alimsikiliza. Mguu aliuacha mapajani mwangu, lakini uso aliugeuzia ukutani mpaka maji yalipopungua.

Jioni, ndani ya basi, kila mtu alizungumza kwa sauti isipokuwa sisi wawili. Kiongozi aliomba radhi mara nyingi, mpaka Bibi akamwambia basi. Tulipokaribia Ansab, Bibi aliniinamia.

"Tulikuwa juu ghorofani maji yalipokuja. Hayo ndo maneno. Na mguu huu hauna kitu. Nnarudi kwangu Ijumaa. Mwanangu akiona hiki kidude ataniweka hospitali, na hospitali ya kigeni sifii."

"Shangazi aliniambia nimpigie."

"Ulikuwa na siku nzima ya kusema. Leo sasa ndo unataka kuanza?"

Shangazi alipofika alimkuta mama yake amevaa soksi nyingine, anasimulia habari za riali kumi na mbili na wajane. Aliuliza kama tulilowa. Bibi alisema kidogo. Shangazi alinitazama mimi, nikainama kuokota viatu vya watu mlangoni.

Bafta niliifua usiku ule ndani ya ndoo, mara nne. Haikurudi kuwa nyeupe. Niliianika juu ya paa la nyumba, nyuma ya matangi ya maji, na alfajiri nilipopanda kuianua ilikuwa imekauka na mistari ya rangi ya udongo, kama ramani.

Kila siku, Shangazi akishaondoka, nilimkagua mguu. Bibi alinikubalia kwa sharti kwamba nisiseme. Jumatatu palikuwa pamekauka, na nilifurahi. Jumanne kidole kilikuwa kimevimba. Jumatano niliomba nimpake dawa ya kidonda, akanicheka, akaniita daktari, lakini alipotaka kwenda msalani alishika ukuta. Usiku huo nilisikia harufu ndogo chumbani nikadhani ni panya amekufa.

Alhamisi asubuhi sanduku lake lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango, kesho ndiyo safari. Nilivua soksi. Ilinata. Kidole kilikuwa cheusi kando, na weusi ulikuwa umeshaanza kushuka kwenye unyayo.

Bibi aliniangalia usoni, hakutazama mguu.

"Rudisha soksi," alisema.

"Bibi, kimebadilika."

"Kesho nitakuwa kwangu, nitakwenda kwa daktari wangu, anaijua miguu yangu. Siku moja tu, mume wangu. Nakuomba. Wakinilaza hapa sitoondoka tena, na sanda ipo ndani ya sanduku."

Nilimvisha soksi taratibu. Nikatoka mpaka sebuleni, nikachukua simu, nikatafuta namba ya Shangazi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na nilijua ananisikia. Shangazi alipokea kwa sauti ya ofisini, watu wanazungumza nyuma yake.

"Vipi? Kuna nini?"

Maneno yalikuja mpaka kooni yakasimama hapo hapo yanaposimama siku zote.

"Hallo? Mwanangu?"

"Mguu wa Bibi," nilisema. "Aliumia Jumapili. Maji yalitukuta ndani ya duka. Leo kidole ni cheusi."

Chumbani kitanda kililia, kama mtu anayegeukia ukutani.

"Sikusikii vizuri, kuna watu hapa. Umesema nini? Kidole kimefanyaje?"

Nikasema tena yote, tangu Jumapili, na kwa sauti kubwa zaidi.